Koili Isiyogandisha Maji: Risala ya Mafundi wa Karakana ya Umoja, Malaba

Mgeni rasmi, Mhandisi Sylvia Mulama, msimamizi wa ukaguzi wa mitambo ya gesi. Wazee wetu wa Malaba. Madereva na mataniboi mlioacha foleni kuja kutusikiliza. Mabibi na mabwana:

KARIBU

Sisi mafundi wa Karakana ya Umoja tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa mingine ina grisi. Tumeambiwa ulishuka garini kule kwenye foleni ya lori ukawasalimia madereva mmoja mmoja. Habari hiyo ilifika hapa kabla yako, na imetufurahisha. Harufu ya moshi ni ya kuchomelea. Ile ya chapati inatoka nyuma, na hutaondoka bila kuionja.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianza kama kibanda cha kuziba rejeta. Kisha zikaja lori za gesi. Lori hizi huwaka kwa dizeli, halafu zikishapata joto huendelea na gesi asilia iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, baridi ya nyuzi mia moja na sitini chini ya sufuri. Injini haiwezi kukitumia kimiminika hicho kilivyo. Lazima kwanza kipite kwenye koili, mahali ambapo maji moto ya injini hukizunguka na kukigeuza gesi.

Koili zilizokuja na lori hizo ziliundiwa barabara zisizosimama. Hapa kwetu mpakani lori hukaa foleni hadi injini inapoa, kisha dereva anaamka, anafungua gesi na kukanyaga mafuta mara moja, kabla maji hayajapata moto. Koili zikawa zinapasuka. Madereva wakaanza kuziogopa, na kampuni yenye lori ikasema itaziondoa kwenye njia hii, pamoja na waliokuwa wakiziendesha.

Wakati huo Mhandisi Christine Alupo alikuwa amerudi kwao Angurai baada ya miaka ya kazi katika kiwanda cha maziwa, ambako alikuwa akiunda mitambo ya kupoza na kupasha. Alikuja kwetu kuchomelewa geti. Akaiona koili iliyopasuka mezani, akaigeuza huku na huku, na geti likasahaulika.

Aliichora koili yake ya kwanza kwa mapenzi. Ilikuwa ndogo, nyembamba, na kimiminika kilipita upande mmoja huku maji yakija kutoka upande wa pili, vikikutana uso kwa uso, kama alivyozoea kiwandani. Fundi Makokha aliichomelea hadi mshono ukang'aa. Alupo alikuwa akipita anaigusa kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.

Siku ya majaribio, dereva Abdulaziz alileta lori lake uani. Alifungua gesi, akakanyaga. Koili ikageuka nyeupe kwa barafu mbele ya macho yetu. Kitu kikalia ndani, tak! Vali ya usalama ikafunga gesi kama ilivyotakiwa, na injini ikanyong'onyea. Abdulaziz akatoa kichwa dirishani.

"Mama injinia, umenifungia koili ama friji?"

Uani watu walicheka. Alupo hakucheka. Tulipoifungua, maji yalikuwa yameganda mirijani na kuipasua.

"Umeweka nini kwenye rejeta?" akamuuliza.

"Maji."

"Maji gani? Si nilibandika kwenye kioo, kulanti peke yake, ile dawa ya rejeta isiyoganda!"

"Mama, foleni imesimama, rejeta inavuja. Nani ataniletea kulanti hapo? Anayepita ni Anyango na mtungi wake. Nanunua maji kwake, natia, nashukuru Mungu."

Alupo alikasirika. Alituambia baadaye kwamba njia nzima ya kwenda Angurai alikuwa akiwagombeza madereva moyoni mwake, mmoja baada ya mwingine, hata wasiomjua. Akaja siku iliyofuata ameamua kuandika barua ya kuwalazimisha wote wanunue kulanti.

Hakuiandika. Alisimama mbele ya lori lililokuwa likinguruma, na upepo wa rejeta ukampiga usoni, moto, hadi leso yake ikapeperuka. Akabaki hapo.

"Makokha," akasema mwishowe, "kiwandani joto tulilinunua. Nilikuwa nalibana hadi tone la mwisho. Hapa linatupwa! Kwa nini mimi nalibania?"

Akaichukua ile koili nzuri, akaiweka kwenye rundo la vyuma vikuukuu kwa mikono yake mwenyewe, na akaanza upya. Safari hii maji na kimiminika viliingia upande mmoja na kusafiri pamoja, ili maji yakiwa na moto wake wote yakutane na baridi ikiwa kali kabisa, na ukuta wa mrija usifike pa kugandisha. Kwa kufanya hivyo hupati faida yote ya joto, kwa hiyo koili ikabidi iwe ndefu. Njia za maji akazipanua. Akaongeza vali inayoibana gesi maji yakiwa yamepoa, hata dereva akanyage vipi. Koili ya pili ni nene na haina sura. Tunaipenda hivyo hivyo.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, tuliijaribu kwa makusudi katika hali mbaya tuliyoijua. Tulijaza rejeta maji ya Anyango, tukaacha lori lenye mzigo wa saruji likae foleni hadi likapoa, kisha Abdulaziz akalipandisha mwinuko wa kwenda Angurai. Alupo aliketi kando yake, macho kwenye geji ya joto.

"Pumua, mama injinia," Abdulaziz akamwambia. "Ukizimia hapa nitashika usukani ama nitakushika wewe?"

"Endesha."

"Naendesha. Wewe pumua."

Sindano ya geji iliyumba kidogo, ikatulia. Walipofika juu, Makokha, aliyewafuata kwa bodaboda, alifunua kifuniko, akaweka kiganja juu ya koili. "Ni vuguvugu," akasema. Akarudia, kama asiyeamini. Alupo alikaa kwenye ngazi ya lori, akanunua mahindi ya kuchoma, akala huku akitabasamu peke yake.

Tangu siku hiyo lori la Abdulaziz halijapasua koili. Kampuni imeahirisha kuziondoa lori nyingine, na madereva wake bado wako kazini. Wengi wao wamesimama pale nyuma.

CHANGAMOTO

Lori lenye koili yetu ni hilo moja tu, kwa sababu ruhusa tuliyo nayo ni ya majaribio. Ukaguzi hufanyika mbali. Huko koili hupimwa mezani, kwa kulanti safi, na mezani hakuna foleni ya Malaba.

Jambo jingine. Mhandisi Alupo ameitwa kazini nje ya nchi. Hajajibu. Nasi hatujamuuliza, kwa kuwa tunaogopa jibu.

MAOMBI

Tunaomba wakaguzi wako waje waipime koili hapa, ikiwa ndani ya lori, kwa maji haya haya. Ikishindwa, tuambiwe, tutaitengeneza tena. Ikifaulu, ipewe alama ya ubora ili tuzifungie na lori nyingine.

Tunaomba pia uwanja wa lori za gesi kusubiria, mbali na majiko ya akina mama wanaouza chakula kando ya foleni.

Hatukuombi umshike mtu mkono asiende. Tunajua tu kwamba kibali kikija, itakuwepo hapa Malaba kazi inayolingana na akili yake.

HITIMISHO

Risala hii alionyeshwa kwanza Mhandisi Alupo, akafuta jina lake kila mahali. Sisi tumelirudisha. Atatusamehe.

Mheshimiwa, Abdulaziz ameshatoa miswaki na taulo zake kwenye kiti cha abiria, na lori linaelekea Angurai. Kiti hicho ni chako. Mungu akupe afya, akulinde barabarani, na abariki kila afunguaye gesi asubuhi ya baridi.

Ni sisi, mafundi wa Karakana ya Umoja, Malaba.
Imesomwa na katibu wetu, Maimuna.