Kabugho wa Brazili

Benchi langu liko Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, pale barabara ya Mpondwe inapokunja kwenda sokoni. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe yaliyojazwa mawe, na mbele yake jiko langu la mkaa na birika lisilopumzika. Mimi Tabisa nauza kahawa ya tangawizi. Maneno wateja wanakuja nayo wenyewe, na mimi sikatai kitu kinacholetwa mlangoni. Shule nilisoma mpaka nikaweza kusoma majina kwenye misalaba ya makaburini, nikaona inatosha. Miaka ile benchi lilikuwa na wenyewe watatu. Wa kwanza Masereka, tuliyemwita Shaba kwa sababu alichimba shaba Kilembe mpaka kikohozi kikamrudisha nyumbani. Wa pili Célestin, mfanyabiashara kutoka Butembo, jina lake la benchi Duani, ndivyo kwao wanavyoita forodha, maana hakuna mzigo uliopita mpaka wa Mpondwe bila yeye kuufungua kwa macho. Wa tatu Xavier fundi cherehani, tuliyemwita Redio. Alikuwa na redio, ndiyo, lakini jina alipewa kwa sababu yeye pia huwezi kumzima.

Mwaka wa sabini kesi ya benchi ilikuwa moja tu, jina la mtoto.

Kwetu Wakonzo jina linasema umezaliwa wa ngapi. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Ukitaja jina lako, hata mtu wa njiani anajua nyumbani kwenu mbele yako wako wangapi.

Sasa Yunia, mke wa Nzanzu, alikuwa na Masika na Biira. Kisha mapadri wakaja na mpango wao wa kubadilishana wanafunzi. Mwanafunzi wa huku anakwenda ng'ambo, wa ng'ambo anakuja kulala na kula na kusoma kwetu. Yunia akapewa msichana wa Brazili, Dalva, miguu mirefu kama ngazi. Siku ya kwanza alipewa bundu, ugali wetu wa muhogo, akaonja akalia. Tukasema chakula kimemshinda. Kumbe alikuwa amekumbuka jiko la mama yake. Alikaa mwaka mzima, akapanda mlima na kuni kichwani, akajifunza Kikonzo cha kutosha kunitukana mimi, na Yunia akamwita Kabugho. Wa tatu.

Duani alisema pale pale kwamba hesabu imepotea, msichana huyu ni mkubwa kuliko Masika. Yunia akamjibu kwamba hahesabu meno, anahesabu mlango. Huyu ameingia mlangoni wa tatu.

Dalva akarudi kwao. Baada ya muda Yunia akazaa binti, na watu wote tukajiandaa kusema Kabugho. Yunia akasema Mbambu.

Hapo moto ukawaka. Shaba ni mdogo wa Nzanzu, na Nzanzu ni mtu mpole, maneno ya ukoo amemwachia Shaba kama mtu anavyomwachia jirani mbwa mkali. Shaba hakulitamka lile jina hata siku moja. Alimwita mtoto "haka katoto". Alisema binti huyu akikua, kila atakapojitaja watu watamuuliza wa tatu wenu yuko wapi, na watadhani ametupwa au ameliwa na wachawi.

Halafu mapadri wakaleta habari. Dalva ameolewa, amezaa, na anamtaka mama yake wa Bwera aende kumtembelea. Tiketi ya ndege ipo. Shaba akasimama hapa hapa mbele ya birika langu.

— Shemeji, nenda. Ukikuta bado anaitika Kabugho, mimi nafunga mdomo. Ukikuta amesahau, siku unarudi haka katoto kanachukua jina lake, mbele ya ukoo wote.

— Nimekubali, alisema Yunia.

Mtoto akabaki kwa bibi yake Eseza, mama yao Nzanzu na Shaba. Yunia akapanda gari moshi pale Kasese na sanduku moja na mfuko wa kahawa ya miti yake mwenyewe, ameitwanga kwa kinu mpaka maganda yameisha.

Ule mfuko ulitupa kazi ya wiki nzima.

— Kupeleka kahawa Brazili, alisema Duani. Batu ya kule beko na kahawa mpaka banaitia mu gari ya moshi nafasi ya makaa. Bataona ule mufuko, bataangukia chini na kicheko.

— Wataonea wapi? alisema Shaba. Huyo hajafika Brazili. Ana dada Kilembe. Yuko kule anakunywa uji, atarudi na hadithi.

Redio akasema hata angetaka kufika asingeweza. Brazili, alivyosikia yeye, ni timu ya mpira. Nchi yenyewe ina jina lingine, wanalificha ili wasiombwe viza.

— Hapana, fundi, alisema Duani. Brazili ni kwetu. Ni Bakongo balikwenda kuoga mu mutoni, maji ikabavusha, banaona kumekucha beko kule. Ndiyo maana banajua kucheza.

— Basi huyu Dalva alifuata nini hapa? akauliza Shaba.

Redio alikuwa na jibu tayari. Dalva alitumwa kupima theluji ya Rwenzori. Brazili kuna joto, wanataka kuinunua yote na kuiteremsha kwa bomba, na siku moja tutaamka mlima uko uchi. Duani akauliza bomba litapita wapi, na Redio akasema litapita Mpondwe, wewe Duani ndiye utakayelipigia muhuri. Duani akaanza kuhesabu kwa vidole. Nadhani alikuwa anafikiria atapata nini hapo.

Mimi nilikuwa natia sukari, kwenye vikombe na kwenye maneno. Jioni moja nikasema nimesikia Yunia ameonekana Kasenyi, kule ziwani, akinunua samaki. Sikusikia popote, lakini kahawa ilikuwa bado nusu birika na watu walikuwa wanainuka. Wakaketi tena wote watatu.

Yunia alirudi siku ya soko. Alishuka kwenye lori la pamba lililotoka Kasese, na hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, amevaa gomesi ile ile aliyoondoka nayo, ila anatembea kama mwenye barabara. Shaba alikuwa ameinuka kutema mate. Yunia akakaa mahali pa Shaba.

— Mama Tabisa, nipe kahawa. Nimekunywa ya kila aina, sasa nataka yako mbaya.

Nikampa. Shaba akabaki amesimama.

— Shemeji, umepona safari. Anaitika?

 Yunia alisimulia kwanza ndege, jinsi alivyoshikilia kiti cha mbele mpaka mzungu aliyekikalia akageuka na kumsalimu. Akasimulia mji mkubwa uliokaa katikati ya bahari na mawe, kisha basi, siku nzima milima, milima, kahawa kila upande, miti imepangwa kama askari gwaridoni. Duani akatutazama kama mtu aliyeipanda yeye. Shaba akasema shemeji, sikuuliza miti.

Basi Yunia akaweka kikombe chini.

— Basi lilifika mapema. Dalva hakuwepo. Niko stendi, sanduku huku, mfuko huku. Watu wanapita, wananisemesha, mimi sijui lugha yao hata neno la kuombea maji. Nikasema nikilia hapa, Shaba atasikia kikohozi chake kimekuwa kicheko.

— Endelea.

— Kulikuwa na mama mmoja anauza karanga. Nikaenda mbele yake. Sina neno, nikasema nililo nalo. Nikasema, Kabugho.

Redio akasogea mpaka ukingoni mwa ubao.

— Yule mama akaweka ungo chini. Akasema, Kabugho? Kabugho! Akashika sanduku langu, akaacha karanga zake pale kwa watu, akanivuta mkono. Tunapita maduka, anawaambia watu, Kabugho, Kabugho, na watu wanaonyesha kwa vidole, kule, kule. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, akatufuata. Tumefika mlangoni tuko kundi la arusi.

Kumbe Dalva aliporudi kwao alikataa jina la zamani. Alimwambia kila mtu kwamba huko alikokwenda amepewa jina la wa tatu na yeye analitumia. Walicheka mwanzoni, halafu wakazoea, halafu wakasahau lile la kwanza. Na yule mtoto aliyemzaa anaitwa Masika. Padri wa kule alimtafuta mtakatifu huyo katika kitabu chake, hakumpata, akabatiza hivyo hivyo.

— Mutakatifu Masika, alisema Duani, na akafanya ishara ya msalaba, sijui kwa mzaha au kwa tahadhari.

— Na mama yake mzazi? nikauliza mimi. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wangu. Mwanamke anaona binti yake wa pekee ameitwa wa tatu na mwanamke mwingine, nilitaka kujua walishikana nywele au vipi.

Yunia akatabasamu.

— Huyo mama alifungua mlango, akanikumbatia. Halafu akanisogeza pembeni. Akachungulia nyuma yangu, akatazama barabara yote juu na chini, akauliza kitu. Dalva alikuwa anafika mbio, akasikia, akaanza kucheka na kulia. Akaniambia, mama anauliza Masika na Biira wako wapi, mbona umewaacha njiani? Amewatandikia kitanda.

Nilijifanya moshi wa jiko umeniingia machoni.

Na ile kahawa? Yule mama aliikaanga siku hiyo hiyo, akaita mtaa. Walikunywa, wakaomba tena. Mzee mmoja, ambaye ana shamba lisilo na mwisho, akaomba aoneshwe mfuko, akanusa mpaka chini, akauliza mlima huo uko wapi. Duani akasema yeye tangu zamani alijua itawashinda, akageukia pembeni kabla sijamtazama.

Redio alianza kupiga makofi. Lakini Shaba alikuwa bado amesimama, na uso wake haukufunguka.

— Vizuri, shemeji. Muuza karanga aliitika, kinyozi aliitika. Mimi sikuwapo, lakini nasema nimekubali, anaitwa Kabugho. Kule. Huyu yuko kule, hapa hayuko. Nyumba inahesabu watu waliomo. Utawekaje katoto kako nyuma ya mtu ambaye hakuna jicho linamwona? Wakimuuliza, Kabugho wenu yuko wapi, atasema nini?

— Atasema yuko Brazili.

— Nani ataamini? Mimi mwenyewe nilisema uko Kilembe.

Redio akaacha makofi. Ninyi mnajua benchi lilivyo; linaegemea alikosema mtu wa mwisho. Duani akakuna kidevu akasema Shaba naye ana kitu, mzigo usioonekana huwezi kuupigia muhuri. Nikaona uso wa Yunia unashuka, baada ya njia yote ile.

Ndipo akaja Eseza.

Eseza hajawahi kukanyaga kwenye benchi langu. Alikuwa akisema ni mahali pa wanaume wasiolima na Tabisa. Alikuja polepole na fimbo yake, mtoto mgongoni, amesikia lori limemleta mkwewe. Hakumsalimu mtu. Alisimama nyuma ya Shaba muda, akasikiliza mpaka mwisho, na Shaba alipogeuka alikuwa amechelewa.

— Wewe jina lako nani? akamuuliza.

— Mama.

— Nimekuuliza jina.

— Masereka.

— Masereka ni kijana wa ngapi?

— Wa tatu, mama.

— Nzanzu ni wa kwanza, yuko shambani, nimempita sasa hivi. Wewe wa tatu, uko hapa unazuia barabara. Bwambale yuko wapi?

Bwambale ni jina la kijana wa pili. Mimi nilikuwepo siku alipozaliwa, na siku alipozikwa, na katikati ya siku hizo hakukuwa na nafasi hata ya jino moja. Shaba hakumwona. Nzanzu mwenyewe hamkumbuki. Eseza alipozaa tena kijana, watu wakamwambia amwite Bwambale, nafasi iko wazi. Akasema haiko wazi, huyu ni Masereka.

Wote tulilijua hilo. Shaba amelibeba jina lake siku zote hizo na hakuna hata mmoja aliyemuuliza wa pili wenu yuko wapi, na yeye hakuwahi kujiuliza.

 Redio akatazama sindano iliyochomekwa kwenye kola yake. Duani akageukia barabara kuhesabu malori. Mimi nikainua birika nimimine. Halikutoa kitu. Kahawa ilikuwa imekwisha, na sikuona ilipokwisha.

Eseza akafungua kitenge, akamteremsha mtoto. Mtoto akamtazama Yunia kwa mashaka, kwa sababu mama alikuwa amekaa sana huko safarini, kisha akamshika gomesi. Yunia akampakata.

Shaba akaja. Benchi lilikuwa limejaa, akachuchumaa chini mbele ya mkeka wangu wa vikombe, mtu mzima na magoti yake ya mgodini, akanyoosha mikono.

— Mbambu, alisema. Njoo kwa baba mdogo.

Mtoto akaenda. Akamkalisha kwenye goti, akakohoa pembeni ili asimtishe.

— Mbambu, dada yako Kabugho anasemaje?

Mtoto hajui kusema. Yunia ndiye aliyejibu, na sikumbuki kama nimewahi kuona mtu amekaa sawasawa namna ile kwenye ubao wangu.

— Anakusalimu, shemeji. Anauliza wewe utakwenda lini. Nimemwambia usafiri unakutisha, kwa hiyo atakuja mwenyewe kukutazama.

Duani akataka kujua kama atapitia Mpondwe.