Yai Kwapani

MKUNGA: Haloo? Nani huyo anapumua tu? Sema upesi, niko leba.

MLINZI: Ni mimi, dada. Shikamoo.

MKUNGA: Marahaba, mdogo wangu. Mbona unanong'ona? Si uko lindoni?

MLINZI: Niko kiwandani, ila juu ya mnara wa maji. Nikipaza sauti litatikisika.

MKUNGA: Litatikisika nini?

MLINZI: Yai.

(Mtandao unakwaruza.)

MKUNGA: Hebu rudia, mtandao mbovu.

MLINZI: Mtandao mzima, dada. Nina yai kwapani. La furukombe, yule tai mla samaki aliyechorwa kwenye mikebe yetu ya dawa ya wadudu.

MKUNGA: Mwenye yai kafa?

MLINZI: Huyu hapa ukingoni, ananitolea macho. Akiyalalia yanapasuka. Maganda yamekuwa kama ngozi ya kitunguu. Wataalamu walisema ni ile dawa, inatoka kwenye bomba letu, inaingia baharini, inaingia kwa samaki, samaki anaingia kwa ndege —

MKUNGA: Na wewe umeingiaje?

MLINZI: Bosi. Aliposikia wageni wa mazingira wanakuja kukagua, akaniita. Wakikuta kifaranga, tunaendelea na kazi. Wakikuta maganda, wanafunga, na mimi narudi nyumbani mikono mitupu. Akanipima kwa macho, akasema, "Wewe huna uzito. Panda ukalalie."

MKUNGA: Ukapanda, bwege wewe!

MLINZI: Ningefanyaje? Halafu nilimwona, dada. Lilipompasukia la kwanza hakulia. Aliinuka, akaangalia chini ya tumbo lake, akakaa, akainuka tena kuangalia. Roho iliniuma, sikufichi. La pili hivyo hivyo. Likabaki hili.

MKUNGA: Na wifi yangu anasemaje?

MLINZI: Kanihamishia sebuleni. Anasema halali na mwanamume mwenye mimba.

MKUNGA: (anacheka) Kweli ana — Mama, pumua! Usisukume bado! — Sikwambii wewe.

MLINZI: Mimi nilishaacha kupumua.

MKUNGA: Pumua na wewe. Unaligeuza?

MLINZI: Asubuhi kwapa la kulia, jioni la kushoto. Ndiyo nilitaka kuuliza. Jasho lina madhara?

MKUNGA: Umri wote huu leba, sijawahi kuulizwa. Usijipake manukato tu. Na hizo kelele?

MLINZI: Wafagizi. Wanafagia bahari.

MKUNGA: Wanafagia —

MLINZI: Samaki, dada. Wameelea matumbo juu. Wanawasukuma kwa mafagio nyuma ya mawe, wimbi linawarudisha, wanawasukuma tena. Kuna na kasa amekufa pale ufukweni, mzito, habebeki. Wamemfunika turubai na kibao: "Samahani, ujenzi unaendelea."

MKUNGA: Na wageni wameamini?

MLINZI: Wako hapa chini. Mmoja kauliza jengo litakuwa la nini. Bosi kasema kantini.

MKUNGA: Jamani! Wewe umekula lakini?

MLINZI: Analeta baba mtu.

MKUNGA: Baba wa nani?

MLINZI: Wa yai. Kaniona nimelalia, kaniona mke. Ananiletea samaki.

MKUNGA: Usiniambie umekula.

MLINZI: Jana nilionja. Nikikataa ananidonoa utosini! Midomo imekufa ganzi tangu —

MKUNGA: Shuka! Shuka sasa hivi uende hospitali!

MLINZI: Subiri, bosi yuko na kipaza sauti. Anasema maji yetu ni salama, mlinzi wetu mwenyewe anakula samaki wa hapa. Wageni wamempa mmoja, ale na yeye.

MKUNGA: Kala?

MLINZI: Kasema leo amefunga.

MKUNGA: Amefunga!

MLINZI: Na chupa ya soda mkononi. Hata wafagizi wameacha kufa—

MKUNGA: Haloo? Unatapika? Haloo!

MLINZI: Dada. Linagonga.

MKUNGA: Nani anagonga?

MLINZI: Yai. Kwa ndani. Kidogo kidogo... sikiliza, nakuwekea simu.

(Mtandao unakwaruza. Ko. Ko.)

MKUNGA: Mungu wangu. Mdogo wangu, tulia. Usibane mkono, usilisaidie, liache lenyewe. Wewe lishike tu.

MLINZI: Nimelishika. Nimeona mdomo! Dada, kana mdomo! Kadogo, kamelowa, kabaya ka sura —

MKUNGA: Wote hutoka wabaya. Kanapumua?

MLINZI: Kanapumua! Chini huko wanapiga makofi. Bosi analia.

MKUNGA: Hata mimi nalia, mjinga wewe. Kaweke kifuani, kasipate baridi.

MLINZI: Mama mtu kasogea. Kakaangalia. Dada, kakaangalia, hajui afanye nini.

MKUNGA: Mpe nafasi, atajua.

MLINZI: Kamefumbua mdomo.

MKUNGA: Njaa hiyo. Wote ndivyo.

MLINZI: Baba mtu naye huyu anatua. Kaleta samaki.

MKUNGA: Asikape! Mfukuze!

MLINZI: Nimemfukuza. Katua pale pale. Sasa nikape nini? Dada? Vyakula vyote vinatoka baharini hapa. Kamefumbua mdomo, kananiangalia mimi. Nikape nini?

MKUNGA: Subiri, nafikiri —

MLINZI: Wewe ndiye mkunga. Salio linakata, niambie upesi. Nikape ni—

(Simu imekatika.)