Beseni Lisilojua Sabuni

HAYAT: Haloo? Haloo! Huko ni nani?

IDI: (kwa sauti ya chini) Haloo... Ni mi. We nani?

HAYAT: Mi Hayat. Shemeji, mbona unanong'ona? Kuna mwizi ndani ya nyumba?

IDI: Da Hayat! Salaam aleikum. Apana, ongea tu. Ila polepole, niko karibu na akwario ya samaki.

HAYAT: Waleikum salaam. Sikiliza, Idi—

IDI: Habari za huko kwenu Bwiza? Jana nilisikia mabomu upande wa Gihosha, nikasema leo lazima—

HAYAT: Idi! Uniti za kupigia ni kidogo, na simu si yangu, ni ya Mugisho jirani. Muke wako ameshikwa na uchungu.

IDI: Raihana? Apana. Docteur alisema mwezi ujao.

HAYAT: Mutoto hakusoma kalenda ya docteur. Tangu alfajiri anauma meno. Mwavita mukunga yuko naye, anasema njia imeanza kufunguka.

IDI: Yoo! Na mbona hamukunipigia asubuhi?

HAYAT: Tulipiga. Iliita, iliita, hakuna mutu.

IDI: Niliweka muto juu ya simu.

HAYAT: Muto?

IDI: Ikilia kwa nguvu, kambare wanagonga kioo. Wanajiumiza, dada, hawa si samaki wa kawaida—

HAYAT: Subhanallah. Toa huo muto sasa. Na uwashe ile gari bosi wako Sébastien alikuachia, ukuje. Taksi hakuna. Mugisho amezunguka mpaka sokoni, wote wamefunga magari yao ndani. Tunataka tumufikishe maternité, kwa hospitali, mbele ya kuvrefe, kabla watu hawajakatazwa kutembea.

IDI: Ego, ndiyo. Nakuja. Inshallah nakuja.

HAYAT: Usiniambie inshallah kama mutu anayekataa harusi. Nakuja ya saa gani?

IDI: Sasa. Ila... njia ya huku sijui ikoje. Askari waliweka bariyeri.

HAYAT: Mugisho amepita hapo na baiskeli sasa ii. Wanaangalia kitambulisho, wanakuachia.

IDI: Na mafuta. Sijui kama mafuta inatosha.

HAYAT: Juma iliyopita ulisema tangi imejaa. Ulisema hata ya kufika Rumonge na kurudi iko.

(Simu inakwaruza.)

IDI: Haloo? Haloo, unasikia?

HAYAT: Mi nasikia. We ndiyo husikii. Idi, unakumbuka mutoto ule wa kwanza?

IDI: Nakumbuka.

HAYAT: Unakumbuka ilivyokuwa, alivyofia hapa nyumbani?

IDI: Nimesema nakumbuka, dada.

HAYAT: Docteur alisema huyu asizaliwe nyumbani. Alikuambia we, ukiwa umekaa pale kwa kiti. Basi. Ukikuja, pitia na beseni. Ile ya rangi ya bulu, mupya, yenye nilinunua ya kuoshea mutoto. Natafuta chini ya kitanda, juu ya kabati, sioni. Raihana anasema uliibeba.

IDI: Iko hapa.

HAYAT: Inafanya nini huko Kinindo, kwa nyumba ya Sébastien?

IDI: Iko na maji. Maji ya bomba ina dawa, inabidi ilale kwanza, dawa itoke. Kwenda kuchota ziwani askari wamekataza. Sasa beseni zote za hapa zilishafuliwa nguo, na kambare hana magamba, dada. Kila kitu inamuingia. Sabuni kidogo tu, ya kunusa, anapinduka tumbo juu. Ile ya Raihana ilikuwa haijajua sabuni—

HAYAT: Kambare hana magamba.

IDI: Hana.

HAYAT: Na dada yangu iko na magamba?

(Simu inakwaruza.)

IDI: Nilitaka kuirudisha mbele ya mwezi ujao. Wallahi.

HAYAT: Na kitenge yangu nyeusi yenye nilimupa ya kufungia mutoto? Nayo imelala na maji?

IDI: Iko juu ya kioo. Mwanga inawashitua.

HAYAT: Na chungu cha mama. Usinijibu. Cha mama pia kiko huko.

IDI: Wanapenda kujificha mu chungu. Dada, ungewaona! Weupe-weupe, na madoa kama mutu amewanyunyizia wino. Na leo dume anamuzunguka jike tangu asubuhi. Hapa mujini hakuna mutu aliyewazalisha mu kioo, hata wazungu walishindwa. Sébastien alisema wakizaa tu, ananitumia karatasi za kuingilia kwao. Mi na Raihana na mutoto. Tutaenda kumutunzia samaki kule kwake, tutalala usingizi bila mabomu. Unafikiri nafanya hii kwa ajili ya nani?

HAYAT: Sébastien alibeba mbwa yake mu ndege, Idi. Mbwa. Mi nilimuona na macho yangu kwa barabara ya uwanja wa ndege, mbwa imetoa kichwa dirishani. We alikuachia ufunguo.

IDI: Alisema atapiga.

HAYAT: Atapiga na umeweka muto juu ya simu? Haya, na hao samaki, wakitaga ndiyo nini? Mama atawalea mu chungu cha mama yangu?

IDI: Apana, hawa hawalei. Anataga katikati ya mayai ya samaki mwingine. Yule mwingine, maskini, anaokota yote mu mudomo, anafikiri ni yake. Anayabeba mpaka yanaanguliwa. Nimemuweka naye pia, yuko tayari.

HAYAT: Na mwenye kutaga?

IDI: Anakwenda zake.

HAYAT: Kumbe ndiyo sababu munapatana.

IDI: Da Hayat, reka, usiseme hivyo—

HAYAT: Ngoja. (kwa mbali) Nini, Mwavita? ...Niko naye kwa simu, anakuja, mwambie Raihana gari inakuja! ...Idi, nini inachemka hapo?

IDI: Wapi?

HAYAT: Hapo kwako. Nasikia blu-blu-blu-blu. Mi nilifikiri ni simu inakwaruza, kumbe ni kwako.

IDI: Ni pompi. Inawapulizia hewa.

HAYAT: Kinindo muko na umeme?

IDI: Apana. Ilikatika kama kwenu.

HAYAT: Bwiza iko giza tangu juzi.

IDI: Ni muji muzima.

HAYAT: Basi nini inazungusha hiyo pompi?

(Simu inakwaruza.)

HAYAT: Idi, umeitoa batri ya gari?

IDI: Nilifikiri umeme itarudi. Kila siku nasema leo itarudi. Bila hewa walikuwa wanapanda juu, wanafungua mudomo hivi, wanafungua mudomo—

HAYAT: Rudisha. Rudisha sasa ii kwa gari!

IDI: Nilijaribu jana. Haiwashi. Imekwisha nguvu, imebakia ya pompi tu, na hiyo pia inachoka, utasikia.

HAYAT: Yaani tangu tunaanza kuongea ulijua.

IDI: Nilikuwa natafuta namna.

HAYAT: "Bariyeri." "Mafuta." "Inshallah." Ulijua!

IDI: Natafuta mutu wa kusukuma gari! Lakini hapa jirani wote wamehama, hata Sylvère, muzamu wa kulinda nyumba, alienda kwao. Niko peke yangu. Nikuje kwa miguu? Naweza kutembea, dada, natoka sasa—

HAYAT: Kwa miguu utaleta nini? Beseni? Miezi yote hii dada yangu anakutetea. Mi nikisema, huyu mwanaume anaoa samaki, yeye ananijibu, apana, Idi anatutafutia njia. Juzi mabomu inalia, tuko chini ya meza, yeye na tumbo lake, ananiambia, sijui kama Idi amekula. Amekula! Mi nilitaka kumupiga kofi, mwanamuke mwenye mimba.

IDI: Mupe simu. Niongee naye.

HAYAT: Aongee na meno gani? Anauma kitambaa. (kwa mbali) Eeh? Mwavita, unasema? ...Apana. Apana, gari haiji! Haiji! ...Ati nini? ...Yoo, Mungu wangu.

IDI: Nini? Kunaendaje?

HAYAT: Kichwa inaonekana. Usikate.

IDI: Sikati! Simu hii inapokea tu, mi siwezi kukupigia, usikate we! Hayat!

(Simu imewekwa chini. Sauti za mbali.)

IDI: Haloo? ...Raihana! Raihana, ni mi! ...Da Hayat, muambie nasikia. Muambie niko hapa. Muambie... Ya Rabbi. Ya Rabbi, ya Rabbi.

HAYAT: (kwa mbali) Sukuma, mama. Usiangalie mulango, hakuna mutu kwa mulango. Niangalie mi. Tena!

IDI: Haloo? Nini sasa?

HAYAT: (kwa mbali) Shika, Mwavita, shika hapo! Mugisho, tokea nje, uite jirani Ernestine alete wembe na maji ya moto! Kimbia!

(Kelele. Halafu kelele inaisha.)

IDI: Hayat? ...Hayat, mbona kimya? Sisikii kitu. Hayat! Mutoto alie basi! Kuna kimya, kwa nini kuna kimya?

HAYAT: (karibu na simu, polepole) Ametoka.

IDI: Mbona halii?

HAYAT: ...

IDI: Hayat, mbona halii?

HAYAT: Si ulikuwa unataka kimya? Kila mutu anong'one, simu iwekewe muto. Basi ndiyo hii. Kula kimya yako.

IDI: Apana. Apana, wallahi, apana. Mumupige mugongo! Mumugeuze! Mwavita anajua, muambie amupulizie hewa, ampulizie mu mudomo!

HAYAT: Anampulizia. Amechoka, anampulizia tena. Hana pompi.

(Simu inakwaruza. Kimya.)

IDI: (analia) Hayat...

HAYAT: Nyamaza. Nyamaza, nimesema! ...Mwavita? ...Mwavita, fanya tena hivyo. Tena.

(Kilio chembamba, kinakatika. Kinarudi, na nguvu.)

IDI: Ni yeye? Da Hayat, ni yeye huyo analia?

HAYAT: Alhamdulillahi. Alhamdulillahi rabbil alamin... Ni yeye. Sikia hiyo sauti. Ametukasirikia wote.

IDI: Alhamdulillahi! Na Raihana? Raihana iko salama?

HAYAT: Iko macho. Damu ni nyingi, Mwavita hapendi ilivyo, lakini iko macho. Mugisho anatafuta ubao wa mulango wa kumubebea, tutamubeba kama maiti, sisi wenyewe, mpaka maternité. Kama askari watapiga, wapige.

IDI: Mi nakuja! Naacha hapa, natoka mbio, nitawakuta njiani!

HAYAT: Sasa unapiga kelele, Idi. Samaki wako watagonga kioo.

IDI: Wafe! Wafe wote! Muambie Raihana wafe!

(Simu inalia: ti-ti. Uniti zinaisha.)

HAYAT: Uniti hizo. Ngoja, Raihana anataka kusema kitu... Sema, mama, mi nitamuambia. ...Ego. ...Ego. ...Idi, anauliza, beseni bado iko na maji?

IDI: Naimwaga! Sasa ii naimwaga, naileta kwa kichwa, muambie—

HAYAT: Anasema ubakie nayo.

IDI: Nini?

HAYAT: Mutoto wake tutamuosha mu sufuria ya bugali. Anasema imetosha. Ubakie na beseni, na kitenge, na chungu. Mulango huu usigonge.

IDI: Apana, mupe simu, mi nitamueleza! Hayat! Ni mutoto gani? Ni mwanaume ao mwanamuke? Niambie hiyo tu!

HAYAT: Anasema hiyo nisikuam—

(Ti-ti-ti. Simu imekatika.)

IDI: Hayat! ...Haloo! ...Ni mutoto gani? ...HALOO!