Paka Asiyejua Likizo

Mwaka ule watu wa Bujumbura walipoanza tena kutamka neno likizo bila kunong'ona, Radhia, mama mwenye duka la vitambaa mtaa wa Jabe, alipanda basi la bandarini akipakata kikapu chenye paka. Alikuwa anakwenda Kigoma kwa dada yake, wiki mbili.

"Mama, paka naye anaenda konje?" akauliza jirani yake wa kiti, Mkongo mwenye katoni ya sabuni, aliyeita likizo konje. Jina lake Birindwa. Alikuwa amelitangazia basi zima. "Acha yeye ku nyumba, akule panya."

"Majirani nao wananiomba nimuache. Huyu, papa, kabla masasi ya bunduki hayajalia anaingia chini ya kitanda. Akiingia, majirani wote wanalala sakafuni. Miaka kumi hajatudanganya."

Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao nimesikiliza redio nyingi zisizofikia sifa hiyo.

"Basi muache! Unabeba masikio ya watu mu kikapu?"

"Na mimi huko nitalala na masikio ya nani?"

Birindwa akakuna kidevu. "Mara ya mwisho aliingia chini ya kitanda lini?"

Radhia alifikiri mpaka tukamaliza barabara nzima. "Mbele ya Ramadhani iliyopita."

"Ehe! Basi konje ni yake. Askari gani anashika zamu miaka kumi bila konje?"

"Na vita vikirudi?"

Hapo bomba la moshi la basi likalipuka, pwaa! Sote tukajikunja chini ya viti, mimi wa kwanza, Birindwa akikumbatia sabuni yake. Basi likasimama, tulikuwa tumefika bandarini. Tulipoinua vichwa, paka alikuwa anakoroma.

Radhia akamtazama, akacheka mpaka mtandio ukamvuka, likizo ikawa imeanza na bado hajashuka basini.