Sauti Iliyoniita Ukunguni

Wapendwa, namsifu Bwana kwamba naandika haya nikiwa hai. Wakubwa zangu wote, shikamooni. Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na kusimama mbele ya watu siwezi. Mwinjilisti wetu aliniambia basi niandike, atawasomea.

Naitwa Yoeli. Nafanya kazi Lukozi, kwenye karakana ya mjomba wangu. Tuna mashine ya leza, ile inayokata na kuchora mbao kwa mwanga. Zamani tulitengeneza kitu kimoja kimoja: kishikio cha funguo, au kibao cha jina la duka. Kompyuta anaishughulikia binamu yangu Ruthi, binti wa mjomba. Mimi napanga mbao na kufuta masizi.

Mwaka huu wazee wa usharika walileta kazi kubwa. Misalaba mingi ya makaburi ya zamani imeoza, wakataka kila kaburi lipate kibao kipya chenye jina la aliyelala pale. Vibao vingekwenda kubarikiwa Jumapili. Kwa kimoja kimoja tusingemaliza. Ruthi akachora fremu ya mbao yenye nafasi ishirini, tukaikata kwenye mashine yenyewe. Nikawa napachika vibao ishirini, nafunga kifuniko, mashine inaandika majina yote bila mimi kugusa kitu.

Ndugu zangu, hapo ndipo hofu ilianza kuniingia. Jina moja unalizoea. Lakini ishirini kwa pamoja, yanatokea herufi kwa herufi ndani ya moshi, ni kama watu wanaoingia chumbani mmoja mmoja na kukaa kimya. Majina mengine ni ya ukoo wetu. Siku moja lilitokea Yoeli, mzee aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilikipangusa kibao kile nikiangalia pembeni.

Ruthi akaniona, akacheka. "Wewe Yoeli, huyo hata hakujui. Angekujua angekuonea huruma, unavyopangusa polepole hivyo."

Ulikuwa msimu wa baridi. Mnaoishi huku juu mnajua ukungu wetu, unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Mbao zililowa, leza ikawa inachoma juu juu tu, herufi zinatoka nusu. Mjomba akasema tuwashe jiko la mkaa katikati ya karakana, mbao zikauke, kama tunavyofanya nyumbani tukiota moto. Tukafunga madirisha na kuziba nafasi ya chini ya mlango kwa magunia. Feni ya mashine ikanguruma, ila moshi haukuwa unatoka kama zamani.

Kazi ikaenda vizuri sana. Lakini kichwa kilianza kuniuma, na nikawa nasikia hatua za mtu akizunguka ukuta kwa nje. Zilipita dirishani, zikapita nyuma, zikarudi. Nilimuuliza Ruthi kama anasikia. Akasema ni moyo wangu mwenyewe. Akaongeza kwamba na yeye kichwa kinamuuma, nisimsumbue.

Ijumaa mjomba alishuka Lushoto kununua vanishi. Mchana ule ukungu ulikuwa mzito, dirisha lilikuwa jeupe kama limetundikwa shuka. Nikapachika vibao vya mwisho, nikafunga kifuniko. Ndipo nikaitwa.

"Yoeli."

Sauti ilikuwa kwa nje, karibu kabisa na mlango. Ikanisemesha kwa Kishambaa, taratibu, kama mtu wa nyumbani: njoo nje.

Bibi yangu alitulea na onyo moja. Ukiitwa na mtu usiyemwona uso, usiitike, maana ukiitika umempa pumzi yako. Hata tukiwa shambani kwenye ukungu, mtu husogea kwanza mpaka aonekane, ndipo anaita. Wote kwetu tunafanya hivyo. Kwa hiyo nilinyamaza. Macho yangu yalikuwa kwenye majina yaliyokuwa yakiungua, nikawaza ni mmoja wao.

Ikaita tena. Nikageuka nimwone Ruthi atakavyonicheka. Ruthi alikuwa amelaza kichwa juu ya meza. Nilimwita, nikamtikisa, mkono wake ukaanguka kando. Nilitaka kumnyanyua, nikaanguka chini.

Ndugu zangu, pale nilikuwa kati ya mambo mawili. Nikinyamaza na kubaki ndani, Ruthi anakufa na mimi. Nikiitika na kutoka, nilijua nakufa mimi. Nikasema moyoni, Bwana Yesu, pumzi hii ni yako, anayeita asiichukue ila kwa ruhusa yako. Kisha nikajibu kwa nguvu zilizobaki.

"Naam. Nakuja."

Nikatambaa. Nikayavuta magunia, nikasukuma mlango, hewa ya baridi ikanipiga usoni nikatapika. Nje hapakuwa na mtu. Nilivuta pumzi kidogo, nikarudi ndani, nikamshika Ruthi kwapani nikamburuta mpaka kwenye majani yenye umande. Nililia nikimwita, mpaka akakohoa.

Zahanati walitueleza kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana, inaumiza kichwa, inamfanya mtu asikie yasiyokuwepo, halafu inamlaza moja kwa moja. Nimewaamini. Sasa jiko halikanyagi karakana, mbao tunazianika darini kwa mjomba, na madirisha yako wazi hata tukitetemeka. Nawe unayeota moto na watoto chumbani, nakusihi, fungua dirisha leo.

Lakini mimi nilirudi pale jioni. Njia ya mlangoni ni udongo mbichi. Niliona alama za viganja vyangu, na mifereji ya visigino vya Ruthi. Nyayo za mtu mwingine sikuziona.

Namshukuru Mungu kwa Ruthi, anayenicheka hata sasa ninavyoandika. Wewe uliye na hofu, mwamini Yesu, mkabidhi pumzi yako kabla haijaombwa na mwingine.

Na kama Ijumaa ile ulipita njia ya karakana ukaniita, nakuomba uniandikie. Mpe mwinjilisti barua, itanifikia. Nasoma polepole, lakini nitaisoma yote. Nataka kukushukuru. Na kama hakuna atakayeandika, basi nitajua kwamba aliyeniita hakuwa mpita njia.