Justa Aliyesogeza Mashine ya Moyo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke mbishi. Justa Ngusa, wa Sofu, Kibaha, tuliyemzika Kongowe Jumamosi. Narudia: mbishi. Mama yake, Bi Juliana, ametuambia tusilifiche neno hilo.

Justa aliendesha mashine inayosukuma damu ya mgonjwa wakati moyo umesimamishwa ili urekebishwe. Damu hutoka mwilini, hupita kwenye mirija ya plastiki, kisha hurudi. Sasa, damu ikigusa plastiki, mwili hudhani umevamiwa. Hupandwa na hasira, huvimba, hujishambulia wenyewe.

Mwaka wake wa kwanza kazini, mtoto alikufa hivyo. Tundu la moyo lilizibwa vizuri, mwili ukavimba, mtoto akafa. Wenzake walisema hutokea. Justa alirudi nyumbani, akasusa chakula, akamwambia mumewe, Fabian, "Hutokea kwa sababu tunaacha itokee."

Akataka mirija mifupi, damu iguse plastiki kidogo. Lakini mirija mifupi inataka mashine isogee hadi ubavuni mwa kitanda, pale Dokta Herman, bingwa wa upasuaji, alipozoea kusimama kwa raha zake. Dokta akaja juu. Akalalamika kwamba atabanwa, hata kiwiko hakitapita. Justa alimwamkia kwanza, kama alivyolelewa.

"Shikamoo dokta. Naomba usogee wewe. Damu ya mtoto haina pa kusogea."

Wakanuniana wee, mpaka dokta akakubali kujaribu. Mgonjwa alikuwa Tunu, binti wa Kisarawe. Mama yake, Bi Sikuzani, alishaonywa kwamba huenda asimtambue mwanawe kwa uvimbe. Alimtambua tangu mlangoni.

"Nilimkuta na sura yake," anasema, na hadi leo analia akisimulia.

Dokta Herman anasema dawa za kuzuia uvimbe nazo zilisaidia, si mirija peke yake. Sawa. Ila Tunu alikuja msibani Sofu akabeba ndoo za maji kama mabinti wengine.

Justa ameondoka kwa kiharusi. Inauma, na inaudhi.

Jumatatu, mtaalamu aliyeshika nafasi yake alitaka kuirudisha mashine mahali pa zamani. Dokta Herman akamzuia.

"Hiyo haisogei," alisema. "Nilishasogea mimi."

Fabian, Bi Juliana, ukoo wote wa Ngusa, poleni sana. Nawe unayetusikiliza, kazini kwako kuna jambo gani baya mnalosema hutokea tu? Lifikirie. Kisha sogea.