Kilomita za Mawinguni

Benchi la kijiwe lilikuwa ubao mmoja juu ya matairi mawili ya basi, mbele ya banda la kinyozi, na waliolikalia waliujua kila msumari wake. Asubuhi hiyo Fundi Suruali alikaa ukingoni, utepe wa kupimia bado shingoni, kahawa ikimpoa mkononi. Wiki iliyopita ndege ndogo ya kukodi ilipitiliza uwanja ikitua, ikaua rubani na nesi wa chanjo. Binti yake Fundi ndiye aliyetakiwa kushika nafasi ya nesi yule. "Ukisema nisiende, baba, siendi," alimwambia. Basi Fundi akaja kijiweni kutafuta ruhusa, si ukweli. Mungu aonaye mioyo alilijua hilo, na Fundi alijua kwamba Mungu anajua.

— Mwache mtoto apande, alisema kinyozi, waliyemwita Profesa kwa kusoma magazeti ya wateja. Redio imesema: ukigawa vifo kwa kilomita, ndege ni salama kuliko basi. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ndege haina miguu, itajikwaa wapi?

— Kuliko basi la nani? Breki alifoka. Aliendesha basi mpaka macho yalipomstaafisha. Langu?

— Usinune, mzee. Hesabu haina shemeji.

— Haina shemeji, ila ina mwajiri! Ndege inaua ikipaa na ikitua. Huko katikati inakanyaga mawingu tu, hakuna mbuzi, hakuna mlevi. Sasa wenye ndege wanazimimina kilomita hizo tupu kwenye hesabu, kama Mama Kahawa anavyomimina maji kwenye birika.

— Mniache na birika langu, alisema Mama Kahawa.

— Kwa hesabu hiyo, aliendelea Breki, chombo cha hatari kuliko vyote ni kitanda. Watu wanakifia kila siku, na hakijaenda hata kilomita moja!

Walicheka. Fundi naye alicheka, akamkumbuka marehemu, akaona haya.

— Na chombo cha mwezini je? Profesa alishapandwa na mori. Kikienda kikarudi kikaua wote, kwa kilomita zile bado kimeishinda baiskeli. Haba na haba hujaza kibaba!

— Si umehamia upande wangu?

— Sijahama! Nasema Fundi asiogope. Ajali haina kinga, kwa hiyo kujikinga ni kufuru.

Fundi alilidaka neno hilo kama mfa maji.

— Kwa hiyo aende?

— Aende. Salama kuliko vyote.

Hapo binti mwenyewe akatokea, begi la kazi begani, sare imenyooshwa pasi. Aliwaamkia wazee. Baba yake akaitikia akiangalia viatu vyake.

— Nenda, mwanangu. Hesabu zinasema ndege ni salama.

— Ndege zipi, baba? Hii yetu inaruka na kutua kila kituo cha chanjo, kama panzi. Mwenzangu tuliyemzika juzi, yumo kwenye hesabu hiyo?

Profesa aliufuta mkasi uliokuwa safi.

— Baba, niende?

Fundi aliinua kikombe ili achelewe kujibu. Akakuta mashapo ya kahawa tu. Akamgeukia Mama Kahawa, naye akaliinamisha birika mpaka mwisho, lakini halikutoa hata tone. Binti alikuwa bado amesimama, akimsubiri.